MIZANI YA POLISI IKAGULIWE NA RAIA



Tarakea, wilayani Rombo, ni mji wa mpakani. Ng'ambo ni Kenya, na huko, kwa sheria ya mwaka 2011, iko IPOA, mamlaka ya kiraia isiyo chini ya polisi, yenye kumchunguza askari akiua au akijeruhi. Hatusemi Kenya ni peponi: mwaka 2024 waandamanaji waliuawa kwa risasi. Lakini mlango wa kubisha upo.

Mtu wa Tarakea akidhulumiwa na askari, ashitaki wapi? Kwa polisi hao hao! Tume ya Haki za Binadamu ipo, bali kazi yake ni kupendekeza. Kesi ya ngedere, hakimu nyani!

Nasi Visiwani tumo humo humo, kwani Polisi ni jambo la Muungano. Januari 2001, Unguja na Pemba, walikufa watu zaidi ya 30. Tume ya uchunguzi ikangojewa mpaka Muafaka wa Oktoba.

Sisi wenye maduka hukaguliwa mizani zetu na mtu mwengine. Seuze mwenye bunduki! Twadai chombo cha raia, chenye nguvu ya sheria, Bara na Visiwani.