Vali Nzima ni Haki ya Mchomeleaji



Vali ya gesi si kitu kidogo. Huko CERN, Geneva, mtambo wa Linac4, unaotumika tangu 2020 kuanzisha mbio za protoni, hulishwa haidrojeni kwa vali inayoipitisha kwa kipimo.

Hapa Nyabugogo mchomeleaji naye hushinda kando ya mitungi ya oksijeni na asetilini. Vali ya oksijeni haipakwi mafuta wala grisi; huweza kulipuka. Nati ya asetilini, kama ya haidrojeni, hukazwa kwa kuzungushia kushoto, msiilazimishe.

Kununua vali nzima na kufundisha watu ni wajibu wa mwajiri. Anayekataa mtungi unaovuja asikatwe mshahara. Tudai kwa sauti moja: uhai hauna spea!