Nyakati za Kiingereza: Kiswahili kingesaidia wanafunzi wa Kivu kuliko Kifaransa

Wakaaji wa kijiji wanapiga simu asubuhi: watu wenye silaha wamekalia shule. Kijana anayefanya kazi katika shirika la kiutu mjini Goma anaandika ripoti kwa Kiingereza: "They occupied the school." Mkubwa wake aliye Nairobi anaisoma na kudhani jambo lilikwisha pita. Sentensi hiyo haimwambii kwamba watu hao wangali pale. Kama kijana angeandika "They have occupied the school", mkubwa angeelewa kwamba shule ingali mikononi mwao na watoto hawawezi kurudi. Neno moja dogo, "have", ndilo linalotenganisha "walikalia" na "wamekalia".

Kijana huyo si mjinga. Katika sekondari alifundishwa Kiingereza kupitia Kifaransa, na Kifaransa kinachosemwa leo kina umbo moja tu kwa mambo yote mawili: "ils ont occupé". Wamekalia, au walikalia wakaondoka, ni vilevile. Mwanafunzi anayetafsiri neno kwa neno ataandika "have" kila mahali, hata "They have occupied the school yesterday", jambo ambalo Kiingereza kinakataa kwa sababu ya hiyo "jana". Aliyekosolewa mara nyingi anaacha "have" kabisa. Wote wawili wanabahatisha.

Ajabu ni kwamba mtoto wa Uvira anajua tofauti hiyo kabla ya kuingia shuleni. Akiambiwa "mama ameenda sokoni", hamtafuti mama jikoni. Akiambiwa "mama alienda sokoni", anajua kwamba pengine amekwisha rudi. "Mother has gone", "mother went": ndiyo hesabu ileile ya "-me-" na "-li-". Ni kweli kwamba mitaani Bukavu na Goma watu wengi husema "nilishakula" kuliko "nimekula", lakini hakuna anayeichanganya na "nilikula jana". Tofauti ipo kichwani. Shule ndiyo inaiacha nje ya mlango.

Kiswahili nacho hakifungui kila kufuli. Mtu husema "nafanya kazi hapa tangu 2019", na kwa Kifaransa "je travaille ici depuis 2019". Kwa hiyo katika barua za kuomba kazi inaandikwa "I work here since 2019". Kiingereza kinataka "I have worked here since 2019", au "I have been working" kwa kuonyesha kwamba kazi inaendelea. Hapo lugha zote mbili zinadanganya, na mwalimu anapaswa kulisema wazi. Kosa la upande mwingine ni baya zaidi: "I have worked there from 2016 to 2019". Mwenye kuajiri anajiuliza kama mtu huyo aliacha kazi au bado yuko.

Kuna wazazi wanaosema Kiswahili katika somo la Kiingereza kitachelewesha watoto, na kuna shule ambako mtoto huadhibiwa kwa kusema lugha ya nyumbani. Lakini Kifaransa nacho ni lugha ya tatu kwa watoto wengi wa vijijini, waliokulia katika Kishi, Kinande au Kifulero. Kuwapitisha hapo ili wafike kwenye Kiingereza ni kuwazungusha bure. Katiba ya 2006 inataja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa. Na tangu Kongo iingie katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, Kiingereza, ambacho mkataba wa Jumuiya unakitaja kuwa lugha rasmi, si tena somo la kupita mtihani tu. Kazi nyingi zinazotangazwa Goma na Bukavu zinakidai.

Kubadilisha vitabu kutachukua miaka, na Kinshasa ni mbali. Mwalimu hahitaji kungoja. Chokaa na ubao vinatosha: aandike "mama alienda" upande mmoja, "mama ameenda" upande mwingine, kisha aulize darasa ni wapi pengine mama anaweza kukutwa nyumbani. Wakishajibu, na watajibu wote kwa pamoja, aandike Kiingereza chini yake.