Mzigo wa Kulazimishwa

Kariakoo ilipata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza, kilichopiga kambi mahali pale baada ya Dar es Salaam kutwaliwa mwaka 1916. Wengi katika wapagazi wale walikamatwa kwa nguvu, wakatwikwa mizigo ya vita isiyokuwa yao. Leo hapana msomi atakayesimama kuitetea shuruti ile. Lakini yumo katika mitaa hiyo hiyo mtu ambaye sheria ingali ikimtwika mzigo asioutaka: mwanamke aliyebakwa akashika mimba.

Na tuitazame sheria yenyewe. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 humpa mbakaji aliye mtu mzima kifungo kisichopungua miaka 30. Hapo taifa limetamka kwamba tendo lile ni uovu mkubwa. Lakini Kanuni ya Adhabu, tuliyoirithi kwa wakoloni, humwekea mwanamke aitoaye mimba yake kifungo cha miaka 7, na amtoleaye miaka 14. Humkinga daktari afanyaye upasuaji kwa nia njema ili kuokoa uhai wa mama, kubakwa hakukutajwa. Hivyo sheria kwa mkono mmoja humwadhibu mtenda jeuri, na kwa mkono wa pili huitimiza jeuri yake. Waingereza, ambao sheria yao ya mwaka 1861 ndiyo shina la katazo hili, waliilegeza kwao mwaka 1967. Sisi tumebaki walinzi wa kufuli ambalo fundi wake amekwisha kulifungua.

Tena tumejifunga kwa ahadi. Itifaki ya Maputo ya mwaka 2003 huzitaka serikali ziruhusu mimba kutolewa kitabibu iwapo mwanamke amebakwa, au ameingiliwa na maharimu, au mimba inahatarisha afya yake ya mwili na akili. Tanzania iliiridhia mwaka 2007. Kanuni ya Adhabu haijaitii.

Wako wasemao kwamba mimba nayo ni uhai, na uhai ni amana ya Mwenyezi Mungu. Neno hilo ni zito, wala si la kudharauliwa. Lakini alisemaye na autaje pia uhai wa mama. Uchunguzi mmoja ulikadiria kwamba mwaka 2013 mimba zaidi ya 400,000 zilitolewa nchini, na wanawake wapatao 66,000 walitibiwa madhara yake. Katazo halikulizuia tendo, lililisukuma kichochoroni. Mwenye fedha hupata daktari wa siri; mchuuzi hupata mizizi, au vidonge asivyovijua kipimo. Kutoka sokoni Kariakoo hata Hospitali ya Muhimbili ni mwendo wa miguu. Kimtengacho na daktari si umbali, ni hofu ya jela.

Wako pia waogopao kwamba wanawake watasingizia, kwa hiyo wataka hukumu ya mahakama itangulie. Lakini mimba haimngoji hakimu: miezi 9 hupita kesi ingali ikiahirishwa. Ethiopia ilikata shauri hili katika sheria iliyoanza kutumika mwaka 2005: kauli ya mwanamke yatosha.

Wala tusimsahau mke. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 humkataza mume kumpiga mkewe. Lakini ile ya mwaka 1998 haihesabu kuwa mke amebakwa na mumewe maadamu hawajatengana. Ruhusa ikiwekewa waliobakwa peke yao, mke ashurutishwaye nyumbani mwake atabaki nje ya mlango. Kwa sababu hiyo afya yake ya mwili na akili lazima nayo iwe hoja.

Basi Bunge na liingize ahadi ya mwaka 2007 katika Kanuni ya Adhabu: kauli ya mwanamke iaminiwe, afya yake ipimwe na daktari, na daktari huyo alindwe. Wanachuo wa sheria na wa tiba, ambao kesho watakaa kitini pa hakimu na pa mganga, wasingoje siku hiyo ndipo waanze kulisema.