Nani Atakaa Katika Nyumba Zetu za Unguja?

Ndugu zangu wa asili moja, mlioko Maskati, Dubai, London na kwengineko,

Limezuka jambo ambalo linatuhusu sisi zaidi ya tunavyodhani, nalo ni viza za kukaa muda mrefu zinazotolewa na visiwa vya nchi za joto kwa watu wafanyao kazi kwa njia ya intaneti, mwajiri akiwa Ulaya au Marekani na wao wakiwa pwani chini ya minazi. Barbados ilianza Julai 2020, hoteli zake zilipokuwa tupu kwa ajili ya maradhi ya korona: mgeni mwenye kipato cha dola 50,000 kwa mwaka hulipa ada ya dola 2,000 akaruhusiwa kukaa miezi kumi na miwili. Mauritius ikafuata mwaka ule ule kwa viza isiyokuwa na ada, ikamtaka mgeni athibitishe kipato cha dola 1,500 tu kwa mwezi. Indonesia, ambayo kisiwa chake cha Bali kilikwishajaa wageni wa namna hiyo kabla sheria haijawatambua, iliweka viza yake mwaka 2024 kwa mwenye kipato cha dola 60,000 kwa mwaka.

Ukizisoma sheria hizo utaona zote zinachunga jambo moja kwa makini sana. Mgeni haruhusiwi kuajiriwa nchini. Ajira ya mwenyeji imewekewa kufuli, na hilo ni jema. Lakini mtu huyu hakuja kutafuta ajira, maana anayo. Anachotafuta ni nyumba, na mlango wa nyumba umeachwa wazi.

Hapa ndipo anapotofautiana na mtalii. Mtalii wa wiki moja hushindana na watalii wenzake kwa kitanda cha hoteli. Mkaazi wa mwaka mzima anataka vyumba viwili, jiko, maji yasiyokatika na jirani mtulivu, yaani anataka kile kile anachokitaka mwalimu wa skuli na mkunga wa hospitali, na anakitaka katika mitaa ile ile.

Tupige hesabu kwa mizani ya kwetu. Mwaka 2022 kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa Serikali ya Zanzibar kilipandishwa kutoka shilingi 300,000 hadi 347,000 kwa mwezi. Ikiwa dola moja ni shilingi 2,500, kile kipato cha chini kabisa anachotakiwa mgeni wa Mauritius ni shilingi 3,750,000, zaidi ya mara kumi ya mshahara ule. Mgeni wa namna hiyo akija Unguja, hahitaji kuwa tajiri wala kuwa na nia mbaya. Anaweza kuwa kijana mwenye adabu zake, anayejifunza kuamkia wazee kwa shikamoo, na bado akimtoa mtu nyumbani mwake kwa kuuliza bei tu, kwa sababu mwenye nyumba akishaisikia bei anayoweza kulipwa hailali tena usingizini.

Na Zanzibar haina nafasi ya kuchezea. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,303,569, na ile ya 2022 ikahesabu 1,889,773. Karibu watu laki sita wameongezeka katika miaka kumi, na wote hao wanahitaji paa. Wakati huo huo nyumba mpya zinazosifiwa sana ni zile za Fumba na Paje ambazo mgeni anaruhusiwa kununua kwa mkataba wa muda mrefu, na anayeweka dola 100,000 na zaidi hufunguliwa njia ya kibali cha ukaazi. Agosti 2022 ukazinduliwa mpango wa kuvuta kampuni za teknolojia, makao yake yakipangwa huko huko Fumba. Wapo wanaosema: si vizuri basi, wageni wakae mji wao mpya na wenyeji wakae mitaani mwao? Jibu langu ni kwamba mpishi, dereva na mfuaji nguo wa mgeni wa Paje nao wanahitaji pa kulala karibu na Paje, na mwenye kiwanja hapo hana bei mbili.

Kwa nini nasema jambo hili linatuhusu sisi? Kwa sababu katika nyumba hizi wenye nyumba ni akina nani? Baadhi ni sisi.

Wazee wetu waliwahi kusimama mahali hapa. Watu wa Ng'ambo, wengi wao waliotoka utumwani au wazao wao, walijenga vibanda vya udongo katika viwanja vya Waarabu na vya wakfu, aghalabu bila ya kulipa kodi yoyote ya maana, kwa mazoea ya ujirani na hifadhi. Mji ulipokua na ardhi ikapanda thamani, wenye viwanja, Waarabu na Wahindi, wakaanza kudai kodi ya ardhi na kuipandisha. Mwaka 1928 watu wa Ng'ambo wakakataa kulipa, kwa pamoja. Waliokamatwa walifuatwa gerezani na wenzao wakatolewa. Katika ukoo wetu kisa hiki husimuliwa kama utovu wa shukrani wa wapangaji. Mimi nimekwishafikia umri wa kusema kuwa simulizi hiyo haina haki ndani yake. Kibanda kilikuwa chao, na kodi ilibadilishwa chini ya miguu yao. Yaliyofuata 1964 kila nyumba ina machozi yake, na sitayafukua leo. Nataka tukumbuke tu kwamba suala la nani anakaa wapi Unguja, na kwa bei gani, halikuanza na intaneti.

Sasa nije kwetu. Mwezi uliopita mtoto wa ndugu yangu, kijana hodari aliyesoma Uingereza, alituandikia warithi wote juu ya nyumba ya Malindi. "Ami," aliniambia, "wapangaji wote wawili wanalipa shilingi 250,000 kwa mwezi. Mgeni mmoja wa Kizungu atalipa dola 800, tena ghorofa moja tu." Hesabu yake ni sahihi. Tulio hai tunaorithi nyumba ile ni ishirini na tatu, katika nchi tatu, na mapato ya sasa yakigawiwa kwa mafungu ya mirathi hayamfikii mtu hata bei ya chakula cha mchana hapa Ruwi. Na nyumba inaliwa. Boriti za juu zimeoza, chokaa imeanguka upande wa baraza, na mvua ya masika huingia ghorofa ya pili mpaka ikabidi ifungwe. Anayesema fedha za mgeni hazina faida yoyote hajawahi kulipia boriti mpya za mkoko na fundi anayejua kuzipanga.

Lakini chini ya boriti hizo anakaa fundi charahani na watoto wake, na ghorofa ya kwanza anakaa mwalimu ambaye ana miaka kumi na sita pale. Ndio waliofukuza popo, waliozibua michirizi, waliotupigia simu ukuta ulipopasuka. Hawana mkataba wa maandishi, wana neno la marehemu kaka yangu.

Nimekuwa karani miaka thelathini na moja, na sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa mikataba ya kupangisha. Hapa Omani mkataba usiosajiliwa baladia humwacha mtu bila ya mkono anapofika mbele ya hakimu. Kwa hiyo nimewapendekezea warithi hivi: ghorofa ya pili itengenezwe na apangishwe mgeni wa mwaka, akipatikana, na kodi yake yote kwa miaka mitatu ya mwanzo iende kwenye paa na boriti, asichukue mtu fungu. Wapangaji wa chini waandikiwe mkataba wa miaka mitano, kwa shilingi, na kodi isipande kabla ya muda huo. Najua Serikali ya Muungano imekataza tangu 2025 bei za ndani kutajwa kwa fedha za kigeni, lakini dola 800 zikigeuzwa shilingi milioni mbili mwalimu hapati nafuu yoyote. Linalomlinda ni muda na kiwango kilichoandikwa.

Na Serikali, ikiwa siku moja itaamua kufungua mlango kama wa Mauritius, naomba itoze ada kama ya Barbados na ada hiyo ijenge nyumba za kupangisha kwa wenye mishahara ya shilingi. Viza ya bure katika kisiwa chenye uhaba wa nyumba hulipiwa na mpangaji.

Baadhi ya warithi wamekwishanijibu kwamba mzee anagawa mali ya wenzake. Kumi na wanne wameridhia, wanne wamekataa, na watano bado hawajasema kitu. Walionyamaza nawaomba watie saini au waandike sababu zao kabla ya mvua za masika.