Ardhi ya reli itengwe kabla ya reli

Kila linapotajwa suala la treni hapa Unguja, mazungumzo huishia kwenye mabehewa: yatatoka nchi gani, yatakuwa na viyoyozi au hayana. Mfanyabiashara wa Darajani ana maswali mengine. Njia itapita wapi? Vituo vitakaa wapi? Na nani ataijua ramani kabla ya wenzake? Katika maswali hayo matatu ndimo ilimo faida, na ndimo ilimo hasara.

Maoni ya safu hii ni kwamba Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar itenge sasa ukanda wa ardhi kutoka uwanja wa ndege hadi mjini na kuendelea Bububu, iitangaze ramani yake hadharani, na izuie ujenzi ndani yake, hata kama gari ya moshi yenyewe itakuja baada ya miaka 20.

Reli si jambo geni kisiwani. Sultan Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alikuwa na reli ndogo iliyotoka mjini hadi Chukwani, upande ule ule uliko uwanja wa ndege wa leo. Mwaka 1905 kampuni ya Kimarekani ya Arnold Cheney ilikamilisha reli ya maili 7 kutoka Ngome Kongwe hadi Bububu, ikipita Malindi katika vichochoro, karibu mno na milango ya watu. Katika miaka ya 1920 barabara na magari ya petroli viliinyang'anya abiria, ikafungwa. Leo kandokando ya njia ya Bububu pamejaa nyumba na maduka. Mwenye kutaka kurudisha reli ile angeweza kununua injini mpya bila taabu kubwa, lakini ardhi ya kupitishia angeilipia kwa bei ya dhahabu.

Sasa tuangalie hesabu. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 593,678 katika Mkoa wa Mjini Magharibi. Sensa ya 2022 ikahesabu 893,169. Yaani katika miaka 10 mkoa mmoja umeongeza watu karibu 300,000, na wengi wao kila asubuhi wanaelekea upande mmoja: mjini. Wanabanana katika daladala za 502 na 505 na nyenginezo, katika barabara ambazo haziwezi kupanuliwa bila ya kubomoa.

Wapo wanaosema watalii pekee watailipia reli ya uwanja wa ndege. Hesabu haikubali. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 736,000. Gawa kwa siku 366, unapata wageni kama 2,000 kwa siku wanaoingia na idadi kama hiyo wanaotoka. Hata tukichukulia kwamba wote wanapita kiwanja cha ndege, na sivyo, kwani wapo wanaokuja kwa boti kutoka Dar es Salaam, hizo ni safari 4,000 tu kwa siku. Tena wengi wakishuka hapo huchukuliwa moja kwa moja hadi Nungwi, Kendwa au Paje. Mji Mkongwe wanauona siku moja tu, au hawauoni kabisa.

Kwa hiyo reli inayomlenga mtalii peke yake itaendeshwa kwa hasara tangu siku ya kwanza. Itakayolipa ni ile inayopita wanakokaa watu: Kiembe Samaki, Mwanakwerekwe, Amani, Darajani, Malindi, Mtoni hadi Bububu, na kwa upande wa kusini ifikirie Fumba, ambako majumba mapya yanaota kama uyoga. Mtalii na begi lake awe nyongeza juu ya mfanyakazi, mwanafunzi na mama wa sokoni.

Majirani zetu wametangulia, na makosa yao ni elimu ya bure. Mwaka 2017 Kenya ilifungua treni ya Mombasa hadi Nairobi, lakini kituo cha Mombasa kikawekwa Miritini, nje ya kisiwa. Abiria aliyesafiri kwa starehe alishuka na kuanza kutafuta matatu ya kumfikisha mjini. Addis Ababa ilizindua treni yake ya mjini mwaka 2015, kwa sehemu kubwa kwa mkopo wa China. Baada ya miaka michache sehemu kubwa ya treni zile zilikuwa zimeegeshwa kwa kukosa vipuri. Afrika Kusini iliunganisha Sandton na uwanja wa ndege wa Johannesburg kwa Gautrain mwaka 2010, huduma nzuri, lakini serikali ya jimbo ilimdhamini mwendeshaji kuhusu idadi ya abiria. Abiria wakipungua, fidia inatoka kwenye kodi.

Funzo ni kwamba nauli peke yake ni nadra kuilipia reli. Hong Kong ililitambua hilo mapema. Shirika la reli la huko hupewa haki ya kujenga juu ya vituo na pembeni mwake, likapangisha maduka, ofisi na nyumba, na faida ya majengo ikasaidia kujenga njia. Sisi tunayo nafasi kama hiyo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1992 inaiweka ardhi ya Zanzibar mikononi mwa umma. Thamani itakayopanda kando ya kituo cha Mwanakwerekwe au Darajani itakuwa imeletwa na fedha za umma, basi sehemu yake nzuri irudi kwa umma.

Hapa ndipo wasomaji wa ukurasa huu wanapoguswa. Ramani ikibaki kwenye makabati, watakaonunua viwanja vya kando ya vituo ni wachache wenye masikio marefu. Muuza vitambaa wa Darajani atapata habari siku atakapodaiwa kilemba cha mamilioni kwa fremu aliyokuwa nayo miaka yote. Mwenye nyumba ya urithi kule Ng'ambo atafuatwa na dalali, auze kwa bei ya jana. Ramani ikitangazwa, kila mmoja atapiga hesabu yake kwa haki, na fremu za vituoni zipangishwe kwa mnada wa wazi, sehemu maalumu ikitengwa kwa wafanyabiashara watakaohamishwa.

Fedha je? Ndani ya nchi fedha zipo, zikiitwa kwa utaratibu. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga ilitafuta shilingi bilioni 53.12 kwa hatifungani ya miaka 10, ikapata zaidi ya ilichoomba. Zanzibar nayo ilianzisha sukuk yake mwaka 2025. Mwekezaji mdogo yuko tayari kuikopesha Serikali akijua mradi una mapato gani na unaonekana wapi. Kodi ya pango la vituo ni mapato yanayoonekana kwa macho.

Wala hatulazimiki kuanza na treni. Ukanda ukishatengwa, uanze na mabasi makubwa yenye njia yao peke yake, kama Dar es Salaam ilivyofanya tangu mwaka 2016. Abiria wakizidi uwezo wa mabasi, ndipo reli ilazwe palepale. Mji Mkongwe, ulio katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000, usiguswe. Njia iishie ukingoni mwake, Darajani na Malindi, na abiria amalizie kwa miguu kama ambavyo mji ule ulijengwa uendewe.

Kila mwezi msingi mmoja zaidi unachimbwa pale ambapo njia ingepita, na kila msingi ni fidia ya kesho. Jumuiya za wafanyabiashara zisingoje kuitwa kwenye sherehe ya jiwe la msingi. Ziombe ramani sasa, kwa barua, na zidai jibu kwa maandishi. Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako.