Askari na Raia Wakutane Makumbusho

Makumbusho ya Uganda yalianzishwa mwaka 1908, na tangu 1954 yako Kitante, Kampala. Sifa yake kubwa ni ngoma na zeze ambazo hazikuwekwa kutazamwa tu, bali kupigwa. Ndugu askari, hapo twaona fundisho: chombo hujulikana kikishikwa. Darasa la sanaa likiwakutanisha wafinyanzi, wanafunzi, wakimbizi na familia za kambini, mkufunzi asianze kwa hotuba. Awape udongo, kisha aulize kila mmoja kwao hufinyangwa nini. Kiswahili, lugha iliyozoeleka jeshini na polisi, kiwe daraja. Raia aliyefinyanga chungu pamoja na askari hatamwogopa njiani. Wakuu wa makumbusho na wafungue mlango, nao wakuu wa vikosi watoe ruhusa.