Waridi la Ulaya Linakaguliwa. Mche wa Shosho Je?

Pale JKIA, kabla mzigo wa maua haujapakiwa kwenye ndege, wakaguzi wa KEPHIS hufungua maboksi, huchomoa mashina machache ya waridi, hugeuza majani na kupasua tumba la ua wakitafuta kiwavi. Wanayemsaka hasa ni mtoto wa nondo mmoja mdogo, Thaumatotibia leucotreta, ambaye watu wa maua wanamjua kwa herufi tatu tu: FCM. Mzigo ukipatikana naye, haupewi cheti cha afya ya mimea, na bila cheti hauendi Ulaya. Aprili 2025 Umoja wa Ulaya ulikaza masharti zaidi kuhusu nondo huyo, na serikali yetu ikakimbia kuhakikisha mashamba yako tayari. Sina ubaya na hilo. Maua ni kazi za watu Naivasha, na mteja ana haki ya kukataa wadudu.

Swali langu ni moja: mbona jicho hilo kali linaangalia nje tu?

Panda mathree ya Murang'a mvua za Aprili zikianza, uangalie barabarani. Utaona pikapu zimejaa miche ya avokado, makadamia na miembe, kila mmoja kwenye kakaratasi keusi ka udongo. Utaona boda amefunga kreti mbili nyuma. Miche hiyo imetoka nasari gani? Udongo ulichotwa wapi? Hakuna anayeuliza. Polisi akisimamisha pikapu ataitisha leseni na insurance, na yale mengine unayajua. Majani hayamhusu.

Si ati sheria hakuna. Tumekuwa na sheria ya kulinda mimea tangu enzi za mkoloni. KEPHIS yenyewe ipo tangu 1996, na nasari za miche ya matunda zinatakiwa zisajiliwe. Lakini mimi nimenunua miche kando ya barabara za Nairobi mara nyingi, na hakuna hata siku moja nimeonyeshwa karatasi yoyote. Nikiuliza, nachekwa. "Boss, unanunua mti ama unanunua shamba?"

Mche si sukuma wiki. Sukuma ikiwa mbaya utajua jioni hiyo hiyo. Chukua Hass, ile avokado ambayo kila mtu ushago anaambiwa itamtoa kwenye umaskini. Mbegu ya Hass ukiipanda haikupi Hass. Ili uipate, kijiti kinakatwa kutoka kwa mti wa Hass unaojulikana, kinaunganishwa juu ya mche wa kienyeji. Sasa, mche uliounganishwa na Hass na ule uliounganishwa na kijiti cha mti wowote wa jirani, kwa macho ya mnunuzi ni kitu kimoja. Kovu ni lile lile. Ukweli utaujua mti ukianza kuzaa, miaka mitatu hivi baadaye. Na ule udongo kwenye karatasi nyeusi unaweza kubeba Phytophthora, ugonjwa wa kuozesha mizizi, ambao ukishaingia shambani haung'oki kirahisi.

Shosho yangu alinunua miche 40 kwa pesa za chama. Muuzaji aliapa ni Hass. Shosho akaimwagilia maji ya mtungi miaka mitatu na nusu. Matunda yalipokuja yalikuwa makubwa, laini, ya kijani, yale yale ya kienyeji aliyokuwa nayo nyuma ya jikoni tangu mama yangu akiwa mtoto. Dalali alishuka kwenye lori, akaangalia juu ya miti, akapanda lori tena. Shosho akampigia muuzaji. Nambari haipatikani. Sasa niambie, ashtaki nani, na kwa risiti gani?

Hiyo ni hasara ya mtu mmoja. Ugonjwa na wadudu ni mbaya zaidi kwa sababu hawajui mpaka wa shamba. Mwaka wa 2003 inzi wa matunda kutoka Asia, Bactrocera dorsalis, aligunduliwa Pwani. Kufikia 2014 Kenya ilikuwa imejizuia yenyewe kuuza maembe Ulaya kwa sababu ya funza wa inzi, na mlango huo haukufunguliwa tena hadi 2021. Mtu wa Makueni ambaye hajawahi kuingiza nchini hata punje ya kitu alikaa miaka saba bila soko hilo. Mwaka wa 2011 ugonjwa hatari wa mahindi ulionekana Bomet, na kabla watu hawajajua jina lake ulikuwa umefika kaunti nyingine.

Na wakati mwingine anayeleta balaa ni serikali yenyewe. Waulize watu wa Baringo kuhusu mathenge. Mti huo uliletwa miaka ya 1980 kwa mradi wa kuzuia jangwa, ukala malisho, na maganda yake matamu yakaozesha meno ya mbuzi. Wailchamus waliishtaki serikali, wakapeleka mbuzi asiye na meno mahakamani kama ushahidi. Watu hucheka wakisikia hadithi hiyo. Mimi sioni cha kuchekesha.

Najua wasee watasema nini. Ati nataka kanjo wapate sababu mpya ya kumhangaisha kijana ambaye amejitafutia kwa kupanda miche kando ya barabara. Hofu hiyo ni ya haki. Novemba 2025 Mahakama Kuu ilifuta vifungu vya sheria ya mbegu vilivyomtishia mkulima kifungo cha hadi miaka miwili au faini ya hadi shilingi milioni moja kwa kugawana na kuuza mbegu ambazo hazijaidhinishwa. Niliufurahia uamuzi huo. Maharagwe ambayo mama anampa jirani yake si biashara ya mkaguzi yeyote.

Lakini kumpa jirani mbegu na kuwauzia wageni miche 5,000 kutoka kwa pikapu si kitu kimoja. Jirani akikupa mbegu mbovu, kesho mtakutana kisimani. Mwenye pikapu hutamwona tena.

Halafu tujiulize, bila ukaguzi anafaidi nani? Si kijana mwaminifu wa nasari. Yeye anatunza miti mama, anakata vijiti vyake mwenyewe, anachemsha udongo, anatupa miche migonjwa. Yote hayo ni gharama. Kando yake kuna tapeli asiyefanya hata moja, anauza kwa nusu bei, na mnunuzi hana njia ya kuwatofautisha. Kila msimu tapeli anashinda. Ukaguzi wa maana ungemlinda huyo hustler tunayedai kumtetea.

Ninachotaka si roadblock. Ukaguzi uanzie kwenye mti mama, kabla kijiti hakijakatwa. Kila mche wa kuuzwa uwe na lebo yenye nambari ya nasari, ili shosho akiumia kuwe na pa kuanzia. Usajili wa nasari ndogo uwe bure na ufanyike kwenye kaunti, maana kilimo ni kazi ya kaunti tangu Katiba ya 2010. Polisi na kanjo wakae mbali. Na miche migonjwa ikichomwa, mwenye nasari alipwe fidia, la sivyo ataificha usiku na kuiuza asubuhi.

Zaidi ya yote, serikali ianze na miche yake. Tumeahidiwa miti bilioni 15 kufikia 2032. Tarehe 13 Novemba 2023 tulipewa hadi likizo ya kupanda. Wakubwa walipigwa picha na sepetu, na kila ofisi ikatangaza imepanda mingapi. Sikusikia ofisi hata moja ikitangaza ilikagua mingapi. Nchi iliyoonja mathenge inapaswa kuuliza swali hilo kabla ya kuchimba shimo.

Mtu wa London anayemnunulia mpenzi wake waridi la Valentine hamwulizi muuzaji kama lina kiwavi. Hana haja, kwa sababu kuna Mkenya, analipwa mshahara, aliyemwulizia kabla ndege haijaruka. Shosho yangu ni raia wa nchi hii, na yeye pia anastahili mtu wa kumwulizia.